Mlima Hauuzwi kwa Wiki Mbili

Guangzhou ni mji wa bondeni. Umekaa kwenye delta ya Mto Zhujiang, mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na mlima wake mashuhuri, Baiyun, unaishia mita 382. Mtu wa Iten kule Kenya, aliyezoea kulala kwenye mita 2,400, akiuona atauita kilima kwa heshima tu.

Hata hivyo, tangu mwaka 2012 mji huu una marathoni yake. Siku hizi hukimbiwa Desemba, huanzia uwanja wa michezo wa Tianhe, na mara kwa mara Wakenya na Waethiopia ndio huonekana mbele. Hapo ndipo ubishi unapoanza miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaofunga mizigo katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, na wanafunzi wanaosomea udaktari katika vyuo vya hapa. Je, siri ni mwinuko? Na kama ni mwinuko, kwa nini mtu wa bondeni asipande treni ya mwendo kasi hadi Kunming, karibu mita 1,900, akae wiki mbili, arudi na damu mpya?

Hoja hizo nimeziweka vinywani mwa watu watatu wa kubuni. KOCHA ni Mkenya wa Elgeyo-Marakwet anayeleta wakimbiaji kwenye mbio za China. DOKTA ni binti wa Tanga aliye mwaka wa mwisho wa udaktari. MAMA MIZIGO ni mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye miaka mingi Guangzhou, na ndiye mwenye hela inayobishaniwa.

Duru ya kwanza: Mwili unapopandishwa

MAMA MIZIGO: Mie nianze, maana nauli ni yangu. Desemba nakimbia marathoni yangu ya kwanza. Kila alfajiri nakimbia kandokando ya mto kabla maduka hayajafunguliwa, na Jumapili napanda Baiyun. Sasa kuna mtu kaniambia niende Kunming wiki mbili, eti nikirudi nitakuwa na pumzi za Mkalenjin. Kocha, ni kweli au napigwa?

KOCHA: Hujapigwa, Mama, ila umeambiwa nusu. Mlima unabadilisha damu, hilo halina ubishi. Angalia Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mita 2,240. Naftali Temu alichukua dhahabu ya mita 10,000, Amos Biwott ile ya kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali kabisa katika mita 1,500. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza wa sita, akaanguka na kuzimia. Watu wa bondeni walikosa hewa. Wetu walikuwa kama wako nyumbani.

DOKTA: Na mita 5,000, Kocha?

KOCHA: Aa, umenipata. Gammoudi.

DOKTA: Mohamed Gammoudi wa Tunisia. Keino wa pili, Temu wa tatu. Lakini sina haja ya kubishana nawe juu ya Mexico. Mexico inathibitisha kwamba aliyezoea hewa hafifu hukimbia vizuri penye hewa hafifu. Mama hakimbii Mexico. Anakimbia kando ya Zhujiang, penye hewa tele. Swali lake ni jingine: kukaa juu kunamsaidia vipi mtu akisharudi chini?

MAMA MIZIGO: Hapo hapo, mwanangu. Ila nieleze kwanza huko juu kunatokea nini.

DOKTA: Watu husema mlimani oksijeni imepungua, kana kwamba imechujwa. Sivyo, Mama. Guangzhou na Lhasa kule Tibet oksijeni ni ileile, kama asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yote. Iten shinikizo ni kama robo tatu ya lile la hapa. Lhasa, mita 3,650, halifiki theluthi mbili. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni kama nusu. Kwa hiyo kila ukivuta pumzi unaingiza hewa kidogo zaidi, na oksijeni inasukumwa kwa nguvu ndogo kutoka mapafuni kuingia kwenye damu.

Mwili unajua hilo papo hapo. Shingoni, pale mishipa mikubwa inayokwenda kichwani inapogawanyika, kuna vinundu vidogo vinavyopima oksijeni ya damu. Vikiona imeshuka, vinaamuru upumue haraka na kwa kina zaidi, na moyo unapiga mbio hata ukiwa umekaa. Lakini kupumua sana kunatoa pia kabonidayoksaidi nyingi, damu inapoteza asidi yake, na figo zinahitaji siku kadhaa kuirudisha kwenye mizani. Ndiyo maana usiku wa kwanza mtu anaweza kulala vibaya, pumzi inakatika kidogo kisha inarudi kwa kishindo.

MAMA MIZIGO: Na damu mpya?

DOKTA: Subiri, hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Siku mbili tatu za mwanzo unakojoa sana na hewa kavu inakunyang'anya maji, kwa hiyo plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, inapungua. Ukipima damu siku ya tatu utaambiwa imekolea, nawe utashangilia. Kumbe hujapata chembe hata moja mpya. Umepungukiwa maji tu.

KOCHA: Hiyo ni siku ya tatu, daktari. Mbona husemi ya wiki ya nne? Figo zikikosa oksijeni zinatoa homoni ya erithropoietini, ambayo wakimbiaji wote wanaijua kwa kifupi, EPO. Inapanda ndani ya saa chache tu. Inakwenda kwenye uboho wa mifupa, uboho unaanza kutengeneza chembe nyekundu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Wazungu watatu walipewa Nobeli mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli inavyojua kwamba oksijeni imepungua: Kaelin, Ratcliffe na Semenza. Sisi wa Iten tulikuwa tunaishi ndani ya jambo hilo siku zote.

DOKTA: Kweli kabisa. Sasa tupige hesabu, kwa sababu Mama ni mtu wa hesabu. Makadirio yanayotumiwa sana katika sayansi ya michezo ni kwamba himoglobini yote ya mwili huongezeka kama asilimia 1 kwa kila saa 100 za kukaa juu. Wiki mbili ni saa 336. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, utarudi na asilimia 3, na makadirio hayo yanatokana na miinuko ya kutosha, mita 2,000 na zaidi. Kunming haifiki hapo.

MAMA MIZIGO: Asilimia 3 si haba. Kwenye kontena hiyo ni faida.

DOKTA: Ila kuna gharama. Uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takribani asilimia 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo Kunming hutaweza kukimbia kasi uliyoizoea hapa. Miguu inazoea mwendo wa polepole wakati damu inaongezeka. Unapata huku, unapoteza kule.

KOCHA: Na dawa ya hilo ilishapatikana. Mwaka 1997 Benjamin Levine na James Stray-Gundersen kule Marekani waliwachukua wakimbiaji wa vyuo, wakawagawa makundi. Kundi moja lililala mita 2,500 lakini likashuka hadi mita 1,250 kufanya mazoezi. Baada ya wiki nne waliporudi bondeni, kundi hilo liliboresha mita 5,000 kwa sekunde 13 hivi. Lala juu, kimbia chini. Huo ni utafiti, Dokta, si hadithi za kijiweni.

DOKTA: Ni utafiti mzuri sana, Kocha, na ulikuwa wa wiki nne, si mbili. Mwaka uliofuata wao na mwenzao mmoja walirudi kwenye takwimu za wakimbiaji hao wakakuta kwamba si wote walionufaika. Wapo ambao figo zao hazikuitikia vya kutosha, EPO yao ikashuka mapema, na himoglobini haikupanda. Na asiye na akiba ya madini ya chuma mwilini hawezi kutengeneza chembe nyekundu, hata umpeleke Tibet. Akina mama wengi tunapungukiwa na chuma bila kujua.

MAMA MIZIGO: Yaani naweza kulipia hoteli mwezi mzima, mwili ukakataa?

DOKTA: Inawezekana kabisa. Kapime damu kwanza, hapa hapa Guangzhou. Ni rahisi kuliko tiketi.

Duru ya pili: Aliyezaliwa juu

KOCHA: Sawa, tuache wageni wa wiki mbili. Hoja yangu kubwa ni hii: mlima si dawa ya kumeza, ni mahali pa kukulia. Mtoto anayekulia juu anapata kifua kipana na mapafu makubwa. Anakimbia kwenda shule kwenye hewa ile ile. Ukimleta Guangzhou akiwa na miaka 25, hakuna wa hapa atakayemfikia.

DOKTA: Mji huu wenyewe una jibu. Mwaka 2010 Michezo ya Asia ilifanyika hapa Guangzhou. Marathoni ya wanaume alishinda Ji Young-jun wa Korea Kusini, kwa saa 2:11:11. Wa tatu alikuwa Mubarak Hassan Shami wa Qatar, ambaye alizaliwa Kenya akiitwa Richard Yatich, na alikuwa ameshachukua fedha ya dunia Osaka mwaka 2007. Mzaliwa wa Kenya alipitwa na Mkorea.

KOCHA: Mbio moja si hoja. Marathoni ina tumbo, ina jeraha, ina siku mbaya. Ukinihesabia mbio moja, mimi nitakuhesabia miaka hamsini.

DOKTA: Nakubali, mbio moja si hoja. Basi chukua kipimo. Mwaka 2010 huo huo watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wakimbiaji wa Kenya waliowapokea kwao bondeni. Jumla ya himoglobini ya Wakenya haikuizidi ile ya wakimbiaji wa Kijerumani wa kiwango cha juu. Kadiri wiki zilivyopita, himoglobini ya Wakenya ikapungua. Lakini kasi yao haikushuka. Kama siri ilikuwa kwenye damu, mbona damu ilipungua na kasi ikabaki?

KOCHA: Kwa sababu miguu haikusahau. Kule kwetu kuna mpando wa Fluorspar, kilomita 21 kutoka bonde la Kerio mpaka juu. Ukiukimbia kwa miaka, mwendo wako unakuwa mwepesi, hutumii nguvu za bure. Na kuna makundi. Ukiamka Iten saa kumi na mbili asubuhi utakuta watu mia barabarani, na kati yao kuna bingwa wa dunia. Pale shule ya St. Patrick's, Brother Colm O'Connell alifika mwaka 1976 kama mwalimu, na mmoja wa vijana aliowafundisha ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012.

DOKTA: Kocha, sikiliza unachosema. Unataja mpando, kundi, mwalimu, miaka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho hewani. Kama hewa hafifu ingetosha, La Paz na Lhasa zingejaza majukwaa ya medali.

KOCHA: Hapana, hapo umeteleza. La Paz na Lhasa ziko juu mno, zinapita mita 3,500. Huko mtu anashindwa kufanya mazoezi makali kila siku, usingizi unaharibika, misuli inakonda. Mlima mzuri ni ule wa katikati, mita 2,000 hadi 2,500 hivi, unaobana lakini haukamati koo. Egan Bernal alikulia Zipaquirá, Kolombia, kwenye mita 2,600 na ushei, akashinda Tour de France mwaka 2019. Jefferson Pérez wa Cuenca, Ecuador, mita 2,500, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya kutembea kwa kasi mwaka 1996. Yote hayo ni bahati?

DOKTA: Si bahati. Na nikuongezee mmoja upande wako: Choeyang Kyi, Mtibeti wa Qinghai, mtembeaji wa kilomita 20. Alimaliza wa tatu London 2012, kisha miaka kumi baadaye akapandishwa hadi dhahabu baada ya Warusi wawili waliomtangulia kufutiwa matokeo kwa dawa. China ina kituo cha mazoezi huko huko Qinghai, pale Duoba, karibu mita 2,400, sawa na Iten yako.

Lakini Watibeti ndio wanaonifanya nisiamini hadithi ya damu nzito. Hapo jirani, Shenzhen, wanasayansi wa taasisi ya jeni ya BGI walishiriki mwaka 2010 kuchunguza jeni za Watibeti wakizilinganisha na za Wachina wa kabila la Han wa bondeni. Jeni iliyojitokeza kuliko zote inaitwa EPAS1, na iko kwenye mfumo ule ule wa kuhisi oksijeni ulioleta Nobeli. Unajua inawafanyia nini? Inauzuia mwili usitengeneze chembe nyekundu kupita kiasi. Mtibeti wa mita 4,000 mara nyingi ana himoglobini inayokaribia ya mtu wa bondeni. Kule Andes ambako damu hukolea sana, wapo wanaougua kwa sababu hiyo: damu inakuwa nzito, kichwa kinauma, moyo unaelemewa. Waliokaa juu kwa maelfu ya miaka wamejifunza kuishi bila damu nzito, nasi tunapanda treni kuitafuta.

MAMA MIZIGO: Ngoja nielewe. Mie nikipanda, mwili unaongeza chembe. Nikishuka, zinakwenda wapi?

DOKTA: Chembe nyekundu huishi siku kama 120. Lakini ukishuka, EPO inashuka chini ya kawaida, na inaonekana mwili unaziondoa mapema hata zile changa. Katika wiki chache unarudi ulikoanzia.

MAMA MIZIGO: Basi mwili ni ghala langu la Sanyuanli. Mzigo usio na mteja hauna nafasi, naulipia kodi ya nini? Nikipanda mlimani mwili unaona mteja kaja, unajaza. Nikishuka, mteja kaondoka, unapunguza.

KOCHA: Umesema vizuri, Mama. Na ndiyo maana wakimbiaji wangu nawaleta Guangzhou siku mbili tatu kabla ya mbio. Wanashuka na mzigo wao ukiwa kamili, na siku ya pili wanapanda ndege kurudi.

DOKTA: Kuna wanaotaka kuununua kwenye sindano pia. EPO ya maabara inafanya kazi ile ile bila kupanda popote, na orodha ya wanariadha wa Kenya waliofungiwa inasikitisha.

KOCHA: Inatuuma sisi zaidi kuliko nyinyi. Kijana anayeishi Iten kununua Iten ya chupa!

Duru ya tatu: Joto la Guangzhou

KOCHA: Lakini usinifunge mdomo kwa asilimia, Dokta. Septemba 2025 kwenye marathoni kule Tokyo, Alphonce Simbu wa kwenu Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda ule ule, saa 2:09:48. Dhahabu iliamuliwa kwa sehemu 3 za mia za sekunde, na ikawa ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kwenye pengo kama hilo, hata nusu ya asilimia ni utajiri.

DOKTA: Kwa bingwa, ndiyo. Lakini kumbuka Tokyo siku ile kulikuwa na joto na unyevu. Aliyeshinda aliushinda mwinuko nyumbani, kisha akalishinda joto ugenini. Na joto ndiyo mali ya Guangzhou ambayo Mama anaikanyaga kila siku bila kuithamini.

MAMA MIZIGO: Joto hili la Agosti linaloloanisha nguo kabla sijafika getini? Mali gani hiyo?

DOKTA: Mlimani plazima inapungua. Kwenye joto inakuwa kinyume: ndani ya wiki moja tu ya mazoezi, mwili unaongeza plazima. Moyo unapata damu nyingi zaidi ya kusukuma kila pigo, kwa hiyo mapigo yanashuka kwa kasi ile ile ya kukimbia. Jasho linaanza mapema zaidi, linatoka kwa wingi, na chumvi yake inapungua. Wiki mbili zinatosha kwa sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Kule Norwei wamewafanyisha waendesha baiskeli mazoezi kwenye joto kwa wiki tano, na himoglobini yao nayo ikapanda. Inadhaniwa figo zinaona damu imejaa maji, zinadai chembe za kuisawazisha.

KOCHA: Sasa mbona usimpeleke Mombasa tu? Joto lina hasara ile ile uliyoishtakia mlima: huwezi kukimbia kasi.

DOKTA: Hasara ipo, na hatari ipo pia. Mtu akianza kuchanganyikiwa maneno akiwa anakimbia kwenye joto, mbio zimekwisha, anamwagiwa maji ya baridi hapo hapo na gari la wagonjwa linaitwa. Ila tofauti ni hii: joto la Guangzhou halina nauli. Mazoezi makali anayafanya alfajiri, ya taratibu mchana. Oktoba hapa bado kuna joto, kwa hiyo faida inamfikisha karibu na Desemba. Nayo ikikaa wiki kadhaa bila joto inapotea, kwa kanuni ile ile ya ghala.

MAMA MIZIGO: Na ile treni ya Lhasa? Wenzangu wanaisifia, zaidi ya saa 50 kutoka hapa, inapita Tanggula kwenye mita zaidi ya 5,000.

DOKTA: Kwa matembezi, tafuta kibali cha Tibet kisha nenda, maana mabehewa yanaongezewa oksijeni. Kwa mazoezi, hapana. Ukifika, siku za kwanza tembea tu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, usipande zaidi. Pumzi ikikubana ukiwa umekaa, au ukipepesuka, unashushwa mara moja. Na niulize jambo la kifamilia, Mama: kwenu kuna selimundu?

MAMA MIZIGO: Mtoto wa dada yangu anayo.

DOKTA: Basi pima kama una kinasaba chake. Watu wa pwani na wa Maziwa Makuu tunakibeba kwa wingi kwa sababu ya historia yetu na malaria. Mwenye kinasaba kimoja huishi bila shida bondeni, lakini juu sana, oksijeni ikipungua, damu inaweza kuziba kwenye wengu na kuuharibu. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto mlimani si ya kuvumilia.

KOCHA: Hilo hata mimi nitawauliza wageni wanaokuja Iten.

MAMA MIZIGO: Haya, nifunge hesabu. Kunming siendi. Napima damu na hicho kinasaba, nakula maharage na maini, nakimbia joto la Oktoba kwa adabu. Kocha, unalo la mwisho?

KOCHA: Ninalo. Dokta ameshinda kuhusu wiki mbili. Kuhusu miezi na miaka, bado sijashindwa. Hewa peke yake haimtengenezi bingwa, sawa, lakini mtu mwenye mazoezi, chakula na kundi, ukimweka mahali ambapo mwili unadaiwa kila siku hata akilala, ataenda mbali zaidi. Kimbia Desemba yako. Ukitaka kuteremka chini ya saa nne mwaka ujao, njoo Iten, na usije wiki mbili. Njoo miezi mitatu.

DOKTA: Miezi mitatu, pamoja na kundi na mwalimu? Hapo sina pingamizi.

MAMA MIZIGO: Miezi mitatu na nani auze duka? Nitajie kwanza kodi ya chumba Iten kwa mwezi, na usinipe bei ya Mzungu.